Nota za Pat Metheny, vidole vya wengine

Machi 5, 2021, Pat Metheny, mpiga gitaa wa jazz wa Marekani, alitoa albamu iitwayo Road to the Sun, na tangu siku hiyo wapenzi wa jazz ninaozungumza nao wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema mzee amehama: jazz ameipa kisogo, amekwenda kutafuta heshima kwa watu wa tai nyeusi, yaani wa muziki wa klasiki. Wapo wanaosema amepanda: hatimaye mpiga gitaa aliyekulia jirani na Kansas City, Missouri, amekubaliwa kwenye muziki mkubwa. Wanabishana kwa ukali, lakini wote wamesimama juu ya wazo moja, kwamba kuna daraja la chini na daraja la juu, na kwamba anayeandika nota kwa ajili ya gitaa la klasiki amebadilisha daraja. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao linatuhusu hata sisi tulio mbali na Missouri. Metheny ameutenga utunzi wake na vidole vyake, akawakabidhi watu wengine waupige bila yeye. Hilo ni dogo kuliko kuhama, na ni gumu kuliko kupanda. Albamu hii inapima kama muziki uliozaliwa mikononi mwa mtu mmoja unaweza kuishi mikononi mwa mwingine, na ukishafika huko ni nani anayeitwa mtunzi.

Tuanze na kilichomo, maana wengi wanaibishania bila kuisikiliza hadi mwisho. Albamu ina kazi tatu. Ya kwanza, Four Paths of Light, ina sehemu nne na ni ya gitaa moja tu. Anaipiga Jason Vieaux, Mmarekani aliyeshinda Grammy mwaka 2015 kwa albamu ya gitaa pekee, na ambaye mwaka 2005 alikwisha toa albamu nzima ya nyimbo za Metheny alizozipanga upya kwa gitaa la klasiki. Ya pili ndiyo iliyoipa albamu jina. Ina sehemu sita, ni ya magitaa manne, na inapigwa na Los Angeles Guitar Quartet: John Dearman, Matthew Greif, William Kanengiser na Scott Tennant. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1980, kwa hiyo hao si vijana wa kujaribiwa. Ya tatu si utunzi wa Metheny kabisa. Ni Für Alina ya Arvo Pärt wa Estonia, kipande cha piano cha mwaka 1976, na hapo ndipo Metheny anapokaa peke yake mbele ya maikrofoni, akiwa na gitaa la nyuzi 42 liitwalo Pikasso, alilotengenezewa na fundi Linda Manzer wa Canada mwaka 1984. Yaani mwenye albamu amewaachia wengine kazi zake, yeye akapiga kazi ya mtu mwingine. Mpangilio huo haukuja kwa bahati, na anayeupita bila kuutazama ataikosa albamu yote.

Wanaosema amehama wanahitaji kukumbushwa alikotoka. Metheny alizaliwa mwaka 1954, akakulia katika mji wa Lee's Summit, Missouri. Mwaka 1974 akajiunga na bendi ya Gary Burton, mpiga vibrafoni wa jazz, na mwaka 1976 ikatoka albamu yake ya kwanza, Bright Size Life, chini ya ECM, lebo ya Manfred Eicher ya mjini München. Alikaa ECM hadi First Circle ya mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1984, Eicher alianzisha tawi jipya la lebo yake, ECM New Series, kwa ajili ya muziki ulioandikwa, na albamu ya kulizindua ilikuwa Tabula Rasa ya Arvo Pärt. Mpiga gitaa anatoka mlango mmoja, mtunzi wa Estonia anaingia mlango wa pili, na mtayarishaji ni yuleyule, na sikio lake ni lilelile linalopenda nafasi na ukimya kati ya sauti. Für Alina na Bright Size Life ni za mwaka mmoja. Kwa hiyo Metheny anapoipiga kazi ya Pärt mwaka 2021 hajavuka bahari. Amebisha hodi kwa jirani aliyeishi naye ukuta kwa ukuta kwa zaidi ya miaka 35.

Wala kuandika kazi ndefu si jambo aliloligundua uzeeni. Mwaka 1992 alitoa Secret Story, yenye okestra kubwa nyuma yake. Mwaka 2005 Pat Metheny Group ilitoa The Way Up, utunzi mmoja wa dakika 68 uliokatwa vipande ili tu msikilizaji aweze kuruka kwa urahisi kutoka sehemu moja ya diski hadi nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1987, mtunzi wa Marekani Steve Reich alimwandikia Electric Counterpoint, kazi nitakayoirudia kwa sababu ndiyo inayotugusa zaidi. Mtu mwenye tuzo 20 za Grammy, aliyeshinda katika mafungu 10 tofauti, hana haja ya cheti cha wazee wa klasiki ili ajione ametimia. Hoja ya kwamba ametafuta heshima inadhani kwamba hakuwa nayo.

Hoja ya upande wa pili, kwamba amepanda, ina ubaya mkubwa zaidi, na hapa sitaki kupita haraka. Marekani ina historia ya kuwaambia wanamuziki wa jazz kwamba kazi yao haijafika. Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazz, alipeleka Black, Brown and Beige kwenye ukumbi wa Carnegie Hall mwezi Januari 1943, kazi ndefu iliyosimulia safari ya watu weusi wa Marekani. Miaka 22 baadaye, mwaka 1965, jopo la muziki la Pulitzer, tuzo kubwa za Marekani za uandishi na muziki, lilipendekeza Ellington atunukiwe tuzo maalumu kwa kazi ya maisha yake, na bodi ikakataa. Wajumbe wawili wa jopo walijiuzulu. Ellington alifariki mwaka 1974 bila kuipata, na heshima hiyo ikafika mwaka 1999, wakati hana sikio la kuisikia. Mtunzi wa kwanza wa jazz kushinda Pulitzer ya muziki alikuwa Wynton Marsalis, mwaka 1997. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba Metheny amepanda kwa sababu magitaa ya klasiki, yale ya nyuzi za nailoni, yanapiga nota zake, anarudia hukumu ya bodi ile ile, ila kwa maneno ya pongezi. Tena inafaa kusemwa wazi kwamba mlango huo umekuwa mwepesi zaidi kwa mtu mweupe wa Missouri kuliko ulivyokuwa kwa Ellington. Hilo si kosa la Metheny, lakini ni sababu nyingine ya kutoupigia makofi mlango.

Sasa tutazame gitaa lenyewe, maana mjadala mzima unaendeshwa kana kwamba klasiki ya gitaa ilikuwa nyumba iliyojaa, na Metheny kaja kuomba chumba. Ukweli ni kinyume. Gitaa la klasiki limelia njaa ya kazi mpya kwa muda mrefu. Mpiga gitaa Andrés Segovia wa Hispania alitumia nusu ya maisha yake akiwaomba watunzi wamwandikie: Ponce, Turina, Castelnuovo-Tedesco, Moreno Torroba. Baada yake Julian Bream wa Uingereza akafanya vivyo hivyo, na ndiyo tukampata Benjamin Britten na Nocturnal yake ya mwaka 1963. Tatizo la chombo hiki linajulikana tangu zamani. Mtunzi Mfaransa Berlioz, ambaye mwenyewe alipiga gitaa, aliandika kwamba ni vigumu mno kulitungia vizuri bila kulipiga. Una nyuzi sita na vidole vinne vya kubana. Sauti mbili ambazo kwenye piano zinakaa pamoja bila shida, kwenye gitaa huenda zinagombania uzi mmoja. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kazi ambazo wapiga gitaa wanazipenda kweli zimetungwa na watu waliolishika wenyewe: Sor na Giuliani huko nyuma, Barrios wa Paraguay, Villa-Lobos wa Brazili, Leo Brouwer wa Cuba. Brouwer alilipiga gitaa jukwaani kwa miaka mingi kabla hajawa jina la utunzi tu, na hakuna anayesema alihama popote. Metheny anaingia kwenye foleni hiyo ya watu wanaojua kwa kidole kipi kinachowezekana na kipi hakiwezekani. Kwamba alijifunzia kwenye jazz ni habari ya shule aliyosoma.

Kuna pingamizi lililo zito, na nalichukua kwa uzito wake. Linasema hivi: utamu wa Metheny ni kule kubuni papo kwa papo. Ukimsikiliza kwenye onyesho, sentensi moja ya gitaa inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu, na wewe msikilizaji unajua kwamba hata yeye hakujua dakika moja kabla kwamba ataishia hapo. Ukiliondoa hilo, ukamwachia mtu mwingine karatasi, kinachobaki ni melodi nzuri zisizo na hatari. Wanaoleta pingamizi hili si wajinga. Nikiisikiliza Road to the Sun yenyewe, yale magitaa manne, nakubali kwamba kuna mahali inarefuka kuliko uwezo wa wazo lake, na kuna vipande ambavyo mtu aliyekulia na Pat Metheny Group anavitambua mara moja, akajikuta anausubiri upigaji huru ambao hauji. Pia nakubali kwamba kama neno la "kisasa" lina maana ya kuthubutu sauti mpya, Britten wa mwaka 1963 bado ni mkali kuliko sehemu nyingi za albamu hii. Utamu wake wa sauti ni wa mtu anayependa kupendwa, na hilo limekuwa doa lake na nguvu yake kwa miaka yote.

Lakini pingamizi hilo linachanganya mambo mawili: kubuni, na kubuni hadharani. Anayetunga naye anabuni, tofauti ni kwamba anaruhusiwa kufuta. Metheny ameandika maisha yake yote kwa ajili ya mtu mmoja ambaye anamjua hadi kucha, yaani yeye mwenyewe. Alipokwama, angeweza kujiokoa kwa kidole. Katika Four Paths of Light hana msaada huo. Kila kitu alichokuwa akikitengeneza kwa mkono, uzito wa uzi, mahali pa kupumua, namna ya kuchelewa nyuma ya mdundo kidogo tu, ama akipeleke kwenye karatasi ama akubali kwamba Vieaux atakifanya kwa njia yake. Na Vieaux anakifanya kwa njia yake. Sauti yake ni pana na safi, kila nota ina mwanzo na mwisho unaoonekana, tofauti kabisa na gitaa la umeme la Metheny ambalo daima linasikika kama limefunikwa na kitambaa. Ninaposikiliza naisikia akili ya Metheny bila mkono wake, na hiyo ni habari mpya kuhusu mtu tuliyedhani tunamjua. Hatari ipo, ila imehama kutoka jukwaani ikaenda mezani.

Anayetaka kuona jinsi nota iliyoandikwa inavyoweza kuacha nafasi kwa mpigaji, asikilize kipande cha mwisho. Für Alina inaenea kurasa mbili. Pärt aliiandika baada ya miaka kadhaa ya karibu kunyamaza, akiwa amechoshwa na mitindo ya utunzi ya wakati wake. Nota hazina mikia ya kuonyesha urefu wake. Kuna vichwa vitupu na vichwa vyeusi, yaani ndefu na fupi, basi. Inaanza na sauti nzito za B chini kabisa ya piano, zikaachwa zilie. Kisha mikono miwili inatembea pamoja: mkono wa kulia unaimba hatua kwa hatua katika ngazi ya B maina, wa kushoto hauruhusiwi kugusa chochote isipokuwa zile sauti tatu za msingi wa ngazi hiyo. Fungu la kwanza lina nota mbili, linalofuata tatu, linalofuata nne, hadi zinafika nane, halafu zinapungua moja moja hadi mbili tena. Mtoto angeweza kuihesabu. Na katikati ya sheria hiyo kali, mahali pamoja tu, mkono wa kushoto unavunja agizo na kugusa C ya juu nusu ambayo si yake. Hapo, kwenye karatasi, Pärt alichora ua.

Metheny anaichukua hiyo kutoka piano na kuiweka kwenye Pikasso. Chombo hicho kina shingo nne na nyuzi zinazokatizana, na msikilizaji wa Zanzibar akikiona anaweza kudhani mtu ameliunganisha gitaa na ganuni, kwa sababu kazi yake inafanana: nyuzi nyingi zisizobanwa, kila moja imewekwa sauti yake, zikiguswa zinaachwa zilie hadi zife zenyewe. Ndiyo maana kinamfaa Pärt kuliko gitaa la kawaida, ambalo kidole kikihama uzi unanyamaza. Wapo waliosema anamharibu Pärt kwa kuchukua uhuru. Walisahau kwamba mwaka 1999 ECM ilitoa Alina, ambamo mpiga piano Alexander Malter anaipiga Für Alina mara mbili, kila mara ikizidi dakika 10, ilhali ukiifuata karatasi moja kwa moja inaisha kwa dakika mbili hivi. Pärt mwenyewe aliziidhinisha hizo. Mtunzi mkali kuliko wote kwenye albamu hii, mwenye sheria za kuhesabika, ndiye aliyeacha mlango wazi zaidi. Hapa ndipo ule ukuta kati ya kuandikiwa na kubuni unapokosa mtu wa kuulinda.

Hoja dhaifu kuliko zote, na nashangaa kwamba ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya kwamba hii si albamu ya Metheny kwa sababu sehemu kubwa anapiga mtu mwingine. Mwenye kusema hivyo ajibu: ni nani leo anayesema albamu ya kwarteti za Beethoven si ya Beethoven? Atasema Beethoven ni mtunzi, Metheny ni mpigaji. Basi hoja imejifunga yenyewe, kwa sababu inadhani kile inachotakiwa kukithibitisha, kwamba mtu anayepiga hawezi kuwa mtunzi kamili. Bach aliishi kwa kupiga kinanda cha kanisa. Mozart alipiga matamasha yake mwenyewe, akibuni baadhi ya sehemu palepale mbele ya watu. Mgawanyo wa kazi unaompa mmoja kalamu na mwingine chombo ni wa juzi tu, na hata huko Ulaya haukuwa kamili. Jazz iliukataa mgawanyo huo tangu mwanzo, kwa hiyo ikahukumiwa kwa kukosa kitu ambacho haikukihitaji.

Na sasa Electric Counterpoint, ambayo inaufanya mjadala huu uwe mgumu kwa namna nyingine. Ukumbi wa Brooklyn Academy of Music ulimwagiza Reich aandike, akamwandikia Metheny. Mpigaji anarekodi kwanza magitaa 10 na magitaa mawili ya besi, yote peke yake, kisha anasimama jukwaani na kupiga gitaa la 11 juu ya kanda hiyo. Dakika 15 hivi, sehemu tatu, haraka, polepole, haraka. Ilitoka mwaka 1989 kwa lebo ya Nonesuch, na leo ni mojawapo ya kazi za gitaa za karne ya 20 zinazopigwa sana, na wanafunzi wa muziki wa shule za Uingereza wameisoma kwa ajili ya mitihani. Wakati huo Metheny alikuwa upande wa pili wa meza: karatasi ya mtu mwingine, vidole vyake. Kwa hiyo Road to the Sun ni deni linalolipwa miaka zaidi ya 30 baadaye, safari hii yeye akiwa na kalamu.

Lakini sehemu ya kwanza ya Electric Counterpoint haikuanzia kwa Reich. Yeye mwenyewe ameeleza, bila kuficha, kwamba mada yake inatokana na muziki wa baragumu wa Afrika ya Kati, aliofikishiwa na mtafiti Simha Arom. Arom alifanya kazi miaka mingi katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, miongoni mwa Wabanda-Linda na wengine, ambako kundi la baragumu linaweza kufika watu 18, na kila mmoja ana sauti moja tu ya kutoa. Hakuna anayepiga melodi. Melodi inatokea katikati yao, kila mtu akiingia kwenye nafasi ambayo mwenzake ameiacha, kwa usahihi ambao okestra nyingi zingeutafuta kwa mazoezi ya wiki. Mtunzi György Ligeti alivutiwa na uchunguzi huo hadi akaandika dibaji ya kitabu cha Arom kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1991. Reich alikuwa ameshakwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe kwa Gideon Alorwoye. Hawa si wezi. Wamesoma, wamekiri, wametaja. Hata hivyo tazama majina yanavyopungua kadiri muziki unavyopanda kwenye karatasi. Reich ana jina, Metheny ana jina, Arom ana jina. Wapiga baragumu ni "muziki wa Afrika ya Kati".

Hapo ndipo naona swali la jazz na klasiki linatupotezea muda. Kinachotenganisha wanamuziki ni kama kazi yao imekamatwa kwa namna inayobeba jina lao. Karatasi ya nota ni namna moja ya kuikamata. Kanda ni nyingine. Vyote viwili vinaweza kumwinua mtu au kumfuta, kulingana na nani anashika kalamu na nani anaandika lebo. Jazz iliokolewa na santuri: mpiga saksofoni Charlie Parker hakuhitaji nota ili tumjue, kwa kuwa sauti yake ilirekodiwa ikiwa na jina lake. Mpiga baragumu wa Wabanda-Linda naye alirekodiwa, ila kama mfano wa kabila.

Mpiga gitaa wa Kiswahili aliyekumbana na jambo hili mapema ni Mwenda Jean Bosco, au Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi nchini Kongo, akiipiga Masanga: mtu mmoja, gitaa moja, besi na melodi zikitembea kwa pamoja na kujibizana bila kugongana. Mwaka 1961 na 1962, mtafiti David Rycroft akachapisha uchambuzi wa upigaji wake kwenye jarida la African Music, ukiwa na nota zilizoandikwa moja moja. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakajifunza Masanga kama wanavyojifunza Barrios. Mwenda alibahatika kwa jambo moja kubwa: kazi ilibaki na jina lake. Mtu wa Boston akiipiga Masanga leo anajua ni ya nani. Linganisha na magitaa ya dansi letu. Mbaraka Mwinshehe tunamtaja kwa sababu aliimba, alitunga na akapiga solo kwa mikono yake. Lakini kwenye vibao vingi vya miaka ya 1970, mtunzi anayetajwa ni aliyeleta maneno na sauti ya kuimbia, wakati ile sehemu ambayo sote tunaiimba kwa mdomo wimbo ukifika kati, lile gitaa la solo likipishana na rizimu, ilibuniwa mazoezini na vijana ambao majina yao hayako popote. Kwa vipimo vya Four Paths of Light, vijana wale walikuwa watunzi.

Najua jibu litakalokuja: kuandika nota kutaua utamu, dansi si la karatasi, mtoto atapiga kilichoandikwa na kuacha kusikiliza. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini Für Alina imeshaijibu. Karatasi yenye vichwa vya nota tu na ua moja haikumfunga Malter wala Metheny. Zanzibar, chuo cha Dhow Countries Music Academy kimefundisha taarab kwa nota na kwa sikio tangu mwaka 2002, na taarab haijakauka. Kinachoua muziki ni kuandikwa na mtu asiyeujua, kisha maandishi yake yakachukuliwa kuwa ndiyo muziki wenyewe. Metheny aliwapa watu ambao wangeweza kumbishia. Vieaux alikuwa ameishi na nyimbo zake kwa miaka 16, na magwiji wanne wa Los Angeles wanajua gitaa la nailoni kuliko anavyolijua yeye.

Ningependa wapiga gitaa wetu waitumie albamu hii kwa namna hiyo, badala ya kuuliza kama mzee amehama. Mwenye kusoma nota achukue kibao kimoja cha Morogoro Jazz au cha Super Volcano, aandike solo, rizimu na besi kila moja kwenye mstari wake, kisha awapelekee wazee waliokuwepo wamsahihishe. Wapo bado wanaoweza kusema ni nani alishika gitaa lipi siku ile studio, na ni nani alilibuni lile jibu la rizimu. Majina hayo yaandikwe juu ya kila mstari, mahali palepale ambapo karatasi ya Vieaux imeandikwa Metheny, na haki za utunzi zidaiwe kwa majina hayo. Bila hivyo, siku mtunzi wa Brooklyn au Berlin akiuchukua mstari ule kwa nia njema kabisa, atakachokuwa nacho cha kutaja kwenye maelezo yake ni "muziki wa dansi wa Afrika Mashariki", na hatutakuwa na hati ya kumwonyesha.